Kahawa yako uiongezee nini? Mwongozo wa hatua kwa hatua

Nina meza ya kahawa karibu na soko la Nyawera, hapa Bukavu. Termosi mbili, vikombe kumi na viwili, benchi moja. Kila asubuhi, kabla jua halijashika mabati, nimekwisha kuulizwa maswali yaleyale. "Yaya, asali si ni bora kuliko sukari?" "Mama, yale maziwa ya unga ya bei rahisi pale butiki, ni maziwa kweli?" "Muganga amenikataza sukari, sasa kahawa nitaimezaje?" Nimejibu huku ninamimina mpaka wateja wengine wanachoka kungoja. Ndiyo maana nimeyaandika haya, uyasome nyumbani kwa nafasi yako na uyajaribu hatua kwa hatua.

Kahawa tupu, isiyo na kitu, haifiki hata kalori tano kwa kikombe. Kinachoigeuza kuwa mzigo mwilini ni vile tunavyovimwaga ndani yake. Kwa hiyo hapa tutaanza kwa kupunguza. Kuongeza kutakuja baadaye.

Nina sababu ya kulishikilia jambo hili. Baba yangu aliishi na ugonjwa wa sukari miaka mingi. Alipokatazwa sukari, sisi watoto tulimnunulia asali, tena kwa upendo, vijiko vitatu vilivyojaa katika kila kikombe, tukiamini ni dawa. Vipimo vyake havikushuka. Hatukujua tulichokuwa tunafanya, wala hakuna aliyetueleza. Mtu mwingine asirudie kosa letu.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Kijiko kimoja cha chai, na kiwe hichohicho kila siku. Vijiko vya nyumbani havilingani.
- Kisu, au kijiti kilichonyooka, cha kusawazishia sukari juu ya kijiko.
- Kikombe cha kawaida, kama mililita 200. Ukitumia kopo kubwa, jua kwamba unakunywa vikombe viwili.
- Kahawa iliyokaangwa na kusagwa, isiyochanganywa na kitu.
- Chujio la karatasi, au kitambaa cheupe cha pamba kilichooshwa bila sabuni yenye harufu.
- Sufuria mbili ndogo, moja ya maji, moja ya maziwa.
- Daftari na kalamu. Ndiyo, daftari. Utaona kwa nini.

Viungo usinunue bado. Wengi hukimbilia mdalasini siku ya kwanza na kuacha vijiko vinne vya sukari vikiwa palepale.

Hatua ya 1: Pima unachoweka leo

Siku tatu za mwanzo usibadilishe kitu. Tengeneza kahawa kama ulivyozoea, lakini kila unapoweka sukari, andika ni vijiko vingapi, na kama vilisawazishwa au vilijaa mlima.

Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina takriban gramu 4 za sukari. Kilichojaa mlima, kwenye mizani yangu ndogo ya jikoni, kilinipa gramu 7. Sasa mtazame kijana mmoja wa pikipiki anayekunywa kwangu kila asubuhi. Anachota vijiko vinne, vyote mlima, na cha mwisho anakitikisa juu ya kikombe mpaka kiishe. Halafu hakorogi sana. Nusu ya sukari inalala chini, anaimalizia kwa kidole. Hiyo ni gramu 28. Jioni anarudi kwa kikombe cha pili, na siku imefika gramu 56 bila soda, bila mandazi, bila kitu kingine.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linashauri sukari ya kuongezwa isifike asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu mzima anayekula kalori 2,000, hiyo ni kama gramu 50 kwa siku nzima. Linasema pia kwamba kushuka chini ya gramu 25 kuna faida zaidi. Kijana wangu amevuka kwa kahawa peke yake. Nilipomwonyesha hesabu kwenye daftari alinyamaza, akaniuliza, "Hata ile ninayolamba?" Hata ile.

Kosa la kawaida hapa ni kusahau sukari iliyowekwa ndani ya termosi kabla kahawa haijamiminwa. Kama nyumbani kwenu kahawa huja tayari imetiwa utamu, muulize aliyeipika ameweka vijiko vingapi, kisha gawanya kwa idadi ya vikombe. Na kuanzia wiki hii omba termosi iwe na kahawa tupu, kila mtu ajiwekee mwenyewe. Hilo peke yake limepunguza sukari katika nyumba nyingi ninazozijua.

Hatua ya 2: Tengeneza kahawa isiyohitaji kufichwa

Watu wengi huweka sukari kwa sababu kahawa yao imeungua au imechemshwa mpaka imekuwa chungu kama kwinini. Ukiipika vizuri, mahitaji ya sukari hushuka yenyewe.

Nasi tumebahatika. Vilima vya Kalehe, Kabare na kisiwa cha Idjwi vinatoa arabika nzuri, kahawa inayotafutwa mbali na hapa, na arabika kwa kawaida ina kafeini kama nusu ya ile ya robusta. Inaniuma kuona mtu ameishi ufukweni mwa ziwa Kivu maisha yake yote, lakini anakunywa vipakiti vya unga vilivyochanganywa tayari. Geuza kipakiti usome nyuma. Mara nyingi kitu cha kwanza kwenye orodha ni "sucre", na orodha hiyo huanza na kilichowekwa kwa wingi zaidi. Hapo umenunua sukari iliyopakwa rangi ya kahawa.

Namna yangu ni hii:

a) Chemsha maji. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi kama 95, si 100. Kwa kahawa hiyo ni neema: yakichemka tu, yaepue, yako tayari.

b) Weka vijiko viwili vya chai vya kahawa, vilivyojaa, kwa kikombe kimoja. Mimina maji, koroga mara moja, funika.

c) Ngoja dakika nne. Usiirudishe kwenye mbabula, jiko letu la makaa. Kahawa inayoendelea kuchemka juu ya makala ndiyo inayokuja kudai sukari.

d) Chuja. Karatasi ni bora kwa mwenye kolesteroli ya juu, maana kahawa isiyochujwa ina mafuta yake ya asili yanayoweza kuipandisha, nayo karatasi huyazuia kwa sehemu kubwa. Kitambaa pia kinasaidia, ila kioshe kwa maji moto kila siku na ukianike juani. Kitambaa chenye unyevu hutoa harufu mbaya siku ya pili tu.

Ikibaki chungu kidogo, weka chumvi, punje chache unazoweza kushika kwa ncha za vidole viwili. Chumvi hupunguza uchungu ulimini. Usizidishe, na mwenye shinikizo la damu aache kabisa.

Hatua ya 3: Shusha sukari polepole

Usiache siku moja. Nimewaona wengi wakiacha Jumatatu na Alhamisi wamerudi na vijiko vitano.

1. Wiki mbili za kwanza: idadi ileile ya vijiko, ila visawazishe kwa kisu. Aliyekuwa na vinne vya mlima ameshuka kutoka gramu 28 hadi 16 bila kuhisi amenyimwa chochote.
2. Wiki ya tatu na ya nne: toa kijiko kimoja.
3. Kila wiki mbili toa nusu kijiko, mpaka ubaki na kimoja au nusu.
4. Ukifika mahali ulimi unakataa, kaa hapo wiki nyingine. Usirudi juu.

Ulimi hujifunza. Baada ya miezi miwili kahawa yako ya zamani utaionja na kuikunjia uso. Ndivyo ilivyokuwa kwangu.

Na asali? Ninaipenda asali, hasa ile nyeusi ya msituni yenye harufu ya moshi. Lakini kijiko cha chai cha asali kina uzito wa kama gramu 7, na zaidi ya gramu 5 kati ya hizo ni sukari. Kijiko kwa kijiko, asali ina sukari nyingi kuliko sukari yenyewe iliyosawazishwa! Faida yake ni ladha: ni kali, basi nusu kijiko kinaweza kutosha pale ulipokuwa ukiweka kimoja cha sukari. Itumie hivyo, kwa kipimo. Mwenye ugonjwa wa sukari aihesabu kama sukari. Tena, mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asionjeshwe asali hata kwa ncha ya kidole, iwe safi namna gani, maana inaweza kumsababishia sumu ya hatari.

Sukari ya kahawia, ya miwa, isiyosafishwa sana: hesabu ni ileile. Rangi isikudanganye.

Vidonge vya utamu visivyo na sukari vinauzwa kwenye maduka ya dawa hapa mjini. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wasivitegemee kwa kupunguza uzito. Ushauri huo haukuwalenga wenye ugonjwa wa sukari tayari, hao wazungumze na daktari wao. Kwa wengine ninaona ni daraja la muda tu, maana ulimi unabaki kudai utamu uleule.

Hatua ya 4: Chagua maziwa kwa macho yaliyofumbuka

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo twende taratibu.

*Maziwa mabichi ya ng'ombe.* Haya ndiyo chaguo langu la kwanza. Robo ya kikombe, yaani mililita 50, inakupa kama miligramu 60 za kalsiamu na protini kidogo, na utamu wake mwepesi wa asili utakusaidia kuondoa sukari. Lakini yanayokuja mjini kwa bidoni lazima yachemshwe, hata kama mleta maziwa ni shemeji yako. Maziwa mabichi yanaweza kubeba homa ya bruseli na kifua kikuu. Yachemshe mpaka yapande, punguza moto, koroga dakika mbili tatu. Usiogope kwamba huku mlimani maji huchemka mapema, joto hilo linatosha kabisa kuua vijidudu hivyo. Kisha funika.

*Maziwa ya unga.* Hapa soma, tafadhali. Maduka yetu yana makopo na sashe zinazofanana kwa rangi na picha ya ng'ombe, lakini ndani ni vitu tofauti. Tafuta maneno "lait entier en poudre" au "lait écrémé en poudre" yakiwa peke yake. Hayo ni maziwa. Ukiona "matière grasse végétale", ujue mafuta ya maziwa yameondolewa na mahali pake pamewekwa mafuta ya mimea, mara nyingi ya mawese. Hayakuui, ila usiyalipie bei ya maziwa halisi ukidhani umepata kitu kilekile. Unga uliopimwa kwenye sashe ndogo isiyo na maandishi, mimi sinunui. Muuzaji mwenyewe huenda hajui umetoka kopo gani.

*Krimu ya unga ya kahawa.* Geuza chupa. Orodha nyingi huanza na "sirop de glucose", yaani sharubati ya sukari, kisha mafuta. Ukisoma "huile végétale partiellement hydrogénée", irudishe rafuni bila huruma. Mafuta yaliyogandishwa kwa njia hiyo hubeba mafuta aina ya transi, yanayoharibu mishipa ya moyo, na tangu 2018 Shirika la Afya Duniani linazihimiza nchi ziyaondoe kabisa kwenye chakula.

*Maziwa mazito matamu ya kopo.* Zaidi ya nusu ya uzito wake ni sukari. Ninajua yanavyonoga. Yaache kwa siku ya sherehe, na siku hiyo usiongeze sukari nyingine.

*Maziwa ya soya.* Kwa wale ambao maziwa ya ng'ombe huwajaza tumbo gesi au kuwaharisha, na watu wazima wa namna hiyo ni wengi kwetu, soya ni jirani mwema. Loweka soya usiku kucha, osha, saga na maji, chuja kwa kitambaa, halafu chemsha kwa dakika 20 huku unakoroga. Povu litapanda mapema na kukudanganya kwamba tayari, nawe usiamini. Soya isiyoiva vizuri huvuruga usagaji wa chakula tumboni.

*Mashanza*, yaani maziwa ya mgando, hayaingii kwenye kahawa. Yanywe pembeni.

Maziwa yaingie yakiwa ya moto, robo ya kikombe au chini yake. Kikombe kikiwa nusu maziwa, hicho ni chakula, kihesabu kama chakula.

Hatua ya 5: Sasa leta viungo

Hapa ndipo raha ilipo, nami nitakaa kidogo.

*Tangawizi.* Chukua kipande cha ukubwa wa kidole gumba kwa lita moja ya maji. Osha, kiponde kwenye kinu bila kukimenya, kitie kwenye maji baridi, chemsha dakika kumi. Kisha tumia maji hayohayo kupikia kahawa ya hatua ya 2. Siku ya kwanza nilipoleta kahawa hii mezani, mvua ya asubuhi ilikuwa imewaleta watu chini ya turubai langu wakiwa wanatetemeka. Nilifungua termosi, mvuke ukapanda na ile harufu kali inayopenya puani, na bibi mmoja aliyebeba mboga akauliza kama ni dawa. Nikamwambia ni kahawa. Aliinywa na kijiko kimoja cha sukari, ilhali siku zote hudai vitatu. Tangawizi huujaza ulimi kazi, utamu unasahaulika.

Angalizo: usitie maji ya tangawizi mbichi kwenye maziwa. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa. Ichemshe kwanza, kimeng'enya hufa.

*Iliki.* Punje nne kwa lita, zilizopasuliwa. Zitie pamoja na kahawa, zitoke kwenye chujio. Harufu yake inatoa hisia ya utamu bila chembe ya sukari. Kama utanunua kiungo kimoja tu, nunua hiki, ingawa bei yake inauma.

*Mdalasini.* Tumia kijiti kuliko unga. Unga hauyeyuki, unaelea juu na kukwama kooni. Nusu kijiti kinatosha lita moja. Kijiti kigumu chenye gamba nene, linaloviringika safu moja, ni aina iliyo na kumarini nyingi, ambayo ikizidishwa kila siku inaweza kuumiza ini. Ukilazimika kutumia unga, usizidi nusu kijiko cha chai kwa siku. Wanaokushauri unywe vijiko vizima "kushusha sukari" wanakuingiza hatarini.

*Kakao.* Kijiko kimoja cha unga wa kakao usio na sukari, ukikorogwa kwanza na maji moto kidogo mpaka uwe uji mzito, kisha kahawa juu yake. Kakao inalimwa hukohuko Beni na Mambasa, lakini unga mwingi wa madukani umechanganywa na sukari. Tafuta "cacao sans sucre". Ukisoma "chocolat en poudre", umerudi kwenye sukari.

*Vanila.* Ganda moja kutoka Kivu ya Kaskazini, lililopasuliwa na kuchemshwa ndani ya maziwa, linatumika mara mbili au tatu ukilisuuza na kulikausha. Karafuu: moja au mbili, basi.

*Kungumanga.* Ikwangue mara mbili tatu, isizidi. Ikizidi sana inageuka sumu: moyo kwenda mbio, kuona mambo yasiyokuwepo.

Usiweke magome na mizizi ya dawa. Niliulizwa kuhusu gome la kenkina, lile linalotoa kwinini. Hiyo ni dawa yenye kipimo chake.

Siagi na mafuta ya nazi ndani ya kahawa, kama inavyoonyeshwa siku hizi kwenye simu? Kijiko kimoja cha mezani cha siagi kina kalori kama 100 na gramu 7 za mafuta mazito ya aina inayopandisha kolesteroli. Sioni sababu.

Hatua ya 6: Angalia saa na hali ya mwili

Kahawa hupunguza uwezo wa mwili kuchukua madini ya chuma kutoka kwenye sombe, maharage na mboga. Inywe saa moja kabla ya kula, au subiri kama saa mbili baada ya kula. Mama mjamzito anayepewa vidonge vya kuongeza damu avimeze kwa maji, kamwe asivimeze kwa kahawa wala maziwa.

Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, mwaka 2015, iliweka kikomo cha miligramu 400 za kafeini kwa siku kwa mtu mzima mwenye afya, na 200 kwa mjamzito na anayenyonyesha. Kikombe cha mililita 200 cha kahawa ya kuchuja hukadiriwa kuwa na kama 90. Kwa mjamzito, basi, vikombe viwili ni mwisho, na kimoja ni bora.

Makosa ninayoyaona kila wiki

- Kutia maziwa ndani ya termosi na kuyaacha humo tangu alfajiri hadi mchana. Joto linaposhuka kuwa vuguvugu, vijidudu huongezeka. Weka maziwa kando, uyapashe moto unapoyahitaji.
- Kubadilisha vitu vitatu siku moja. Ukiumwa tumbo hutajua ni kipi.
- Kupunguza sukari kwenye kahawa huku mandazi yanaongezeka kutoka mawili hadi manne.
- Kuwapa watoto kahawa ya maziwa iwatulize. Wape maziwa.

Ikikukwama

*Maziwa yamekatika kwenye kikombe.* Yamechacha kidogo, au yalikuwa baridi na kahawa ni kali. Yapashe moto kwanza, kisha mimina kahawa juu ya maziwa polepole. Soya hukatika haraka zaidi: acha kahawa ipoe dakika tatu.

*Maziwa ya unga yanafanya madonge.* Koroga unga na maji ya vuguvugu kidogo pembeni mpaka ulainike, ndipo utie kahawa.

*Kahawa bado chungu hata baada ya kuichuja.* Imekaangwa mpaka kuungua. Nunua iliyo na rangi ya udongo wa kahawia, siyo nyeusi inayong'aa mafuta. Au umeiacha zaidi ya dakika nne.

*Inanichoma kifuani.* Usinywe ukiwa na njaa, punguza ukali, ondoa tangawizi kwa wiki moja uone. Ikiendelea, nenda ukapimwe tumbo.

*Kichwa kinaniuma tangu nianze.* Angalia daftari: huenda umepunguza kahawa yenyewe pamoja na sukari. Mwili uliozoea kafeini hulalamika siku kadhaa inapokatwa ghafla. Rudisha kikombe kimoja, upunguze kidogokidogo.

*Nina ugonjwa wa sukari, nimeacha sukari yote, lakini vipimo viko juu.* Tazama unga wa maziwa, krimu, asali na mandazi, kisha mpelekee daktari daftari lako. Usipunguze dawa kwa sababu ya kahawa.

*Mzee nyumbani hataki kusikia.* Usimhubirie. Mletee kahawa yenye iliki, na sukari pembeni katika kibakuli kidogo chenye kijiko kidogo. Mama yangu alipofanyiwa hivyo alilalamika siku mbili, "Mwanangu, umeanza ubahili?" Siku ya tatu alichota vijiko viwili badala ya vinne, akakorogea mpaka mwisho, na chini ya kikombe hapakubaki kitu cha kulamba.